Picha za Vibanda Vilivyoungua

Nayna alikuwa amepiga picha za pasipoti Kariakoo kwa miaka mingi kiasi kwamba hata barabarani alitamani kuwaambia watu wainue kidevu. Studio yake, chumba kimoja chenye pazia la bluu, ilitazamana na safu ya vibanda iliyoteketea kwa moto mwanzoni mwa mwaka. Zilibaki nguzo nyeusi, mizani zilizojikunja na majivu. Wenye vibanda hawakusubiri pole ya mtu. Walifunga maturubai kwenye nguzo zilezile zilizoungua, mama lishe wakawasha mkaa juu ya majivu, na wateja wakala kama kawaida huku wakilalamikia chumvi.

Shirika moja likaahidi mabati ya kuezeka safu nzima kabla ya masika, ila wafadhili walitaka kwanza picha za watu wanavyojikwamua. Kijana wa shirika, Elisaria, alimpa Nayna shikamoo ya heshima, akamwachia kazi.

Kosa la Nayna lilikuwa uungwana. Alipita kibanda kwa kibanda akiwaambia, "Kesho asubuhi nakuja na kamera." Ukimwambia hivyo mtu wa Kariakoo, umemwalika harusini. Hakuna anayesimama mbele ya kamera na nguo za kazi, labda awe amekamatwa. Saluni za mtaa ule zilifanya biashara ambayo hazikuwa zimeifanya tangu Idi. Wauza viatu waliazimana suti moja, anayetoka anamvulia anayeingia. Joyceline, mama lishe aliyepoteza masufuria yote, alikuja na kitenge kipya, hereni na rangi ya mdomo. Nayna naye, kwa mazoea, akawasimamisha wima, masikio yaonekane, asicheke mtu.

Elisaria alizitazama zile picha kwenye kompyuta.

"Mama, hawa ndio walioungua au ni waalikwa?"

"Ndio wenyewe."

"Kwa picha hizi hatupati hata bati moja. Naomba urudie. Majivu, nguo chakavu, huzuni kidogo. Na hasa yule mama lishe, ana sura nzuri ya huzuni."

Nayna alirudi kwa wenye vibanda akiona aibu. Walinung'unika, lakini mawingu yalikuwa yameshatanda kuelekea Mnazi Mmoja, na turubai si paa. Wakavaa nguo za kazi, wakakaa kwenye majivu walivyoelekezwa. Aliyegoma ni Joyceline.

"Mama Chintan," alimwambia Nayna, akimwita kwa jina la mwanawe kama mtaa mzima ulivyozoea, "mimi humo sikai."

Akamweleza sababu. Siku ya moto, mtu asiyemjua alimpiga picha akiwa amekaa kwenye majivu hayohayo, kichwa wazi, khanga imemdondoka, analia. Ile picha ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikafika kwao Same, mama yake akaionyeshwa na jirani. Tangu hapo bibi yule anasema mwanawe ameshafariki na ndugu wanamficha habari. Joyceline akimpigia, anasikiliza kidogo, anasema huyu siye, anakata. Chakula hataki.

"Nikikaa tena humo na ikamfikia nyingine," Joyceline alisema, "nitaenda kumzika."

Nayna aliwatazama waliokwishakaa majivuni, nao wakamtazama yeye. Alimwonea Joyceline huruma, na aliwaonea huruma wao pia, na huruma mbili kwa pamoja hazimsaidii mpiga picha.

"Ile ya hereni umemtumia mama yako?"

"Si hujanipa."

Ni kweli. Kwa Nayna picha haikutoka kabla ya aliyeagiza kukabidhiwa, na desturi hiyo hakuwa ameivunjia mtu, hata shemeji zake. Safari hii aliivunja. Akaihamishia picha kwenye simu ya Joyceline, naye akamtumia jirani wa Same. Halafu akaenda kubadili nguo, akarudi, akakaa majivuni kwa sababu ya wenzake, uso umekaza. Nayna alipiga, akapiga tena. Huzuni haikutoka, ilitoka hasira tupu.

Ndipo simu ikaita. Joyceline akaipokea kwa mkono wenye masizi, na sauti ya bibi ikasikika mpaka alipochuchumaa Nayna.

"Joyceline! Kumbe upo! Mbona umenenepa hivyo, mwanangu!"

Joyceline akajipangusa uso kwa mkono uleule. Machozi yakachora mistari kwenye masizi, mdomo ukabaki wazi, mabega yakatikisika. "Nimenenepa, mama," akasema mwishowe. "Nimenenepa kweli." Nayna alifurahi, lakini alibonyeza.

Kesho yake Elisaria aliiangalia picha hiyo kwa muda mrefu. Akavua miwani, akajifuta macho.

"Sasa hii," akasema kwa sauti ya chini, "ndiyo huzuni."

Nayna, ambaye hakuwa amewahi kumdanganya mteja hata kuhusu saizi ya picha, alimwambia asante, na mabati yakaja kabla ya mvua.