Nilivyomzima Baba Mkwe Katikati ya Nikaha

Chekeni tu jamani, mimi nshazoea, maana hapa mjini kila anayenikuta huniuliza, "Haji, mtandao upo?" halafu anageuza uso pembeni, na mimi najua kabisa anaikumbuka siku yangu ya ndoa, siku ambayo bwana harusi mzima, na joho na kilemba na uturi, nilipiga magoti kwenye zulia la watu nikiandika amri kwenye kompyuta huku sheikh akinitazama.

Baba yake Salma, mke wangu, anaishi Maskati, na wakati ule mguu ulikuwa unamsumbua, hawezi kusafiri. Yeye ndiye walii, mwenye haki ya kumuoza. Angeweza kumpa sheikh uwakala kwa simu mapema, mambo yakaisha, lakini alikataa katakata, akasema atamtoa mwanawe kwa ulimi wake mbele ya mashahidi, tena kwa video, "nimuone huyo kijana usoni." (Tangu posa alikuwa na wasiwasi na mimi. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia fundi wa mitandao ya kompyuta, akasema, "Sawa, lakini kazi unafanya ipi?")

Basi nikaha ikapangwa nyumbani kwa shangazi yake, Bi Zuhura, Mji Mkongwe, baada ya alasiri, wanaume chini, wanawake juu na bibi harusi wao. Nassor, kaka wa Salma, kaunganisha kompyuta yake na televisheni kubwa ukutani, na mzee katokea na kofia yake na miwani, anatukagua mmoja mmoja. Lakini kila akianza kusema, sura inaganda, inarudi, inaganda tena. Nassor akasema tutumie simu yake tu, ana bando la kutosha.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya watu wenye akili, na mimi nikaipita. Bwana harusi kazi yake ni kukaa na kuinamisha macho, lakini mimi nilitaka mzee aione hiyo kazi aliyokuwa akiiuliza, nikasema, "Nipe hapa, haya mambo yangu."

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri (likatokea kwenye televisheni, watu wakanong'ona "mashallah", kichwa kikazidi kuvimba), nikaita jedwali la anwani. Kwa asiyejua, kompyuta ikitaka kutoka nje inaijua namba ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, lakini namba peke yake haitoshi, lazima ijue na chombo chenyewe, kama vile ukielekezwa nyumba hapa mjini bado unataka mtu akuoneshe mlango ni upi. Hayo ndiyo yanayowekwa kwenye jedwali. Sasa kila nikiliita, namba ni ile ile lakini chombo kinabadilika! Kumbe nyumba ina ruta mbili, mpya, na ya zamani, nyeusi, ambayo haina tena intaneti lakini Bi Zuhura kaiacha inawaka, zote zinadai namba moja, na kompyuta inababaika mara huku mara kule.

Dawa yake ni kuichomoa ile ya zamani. Lakini ruta zote ziko juu, kwa wanawake, na bwana harusi hapandi ngazi ile kabla hajaozwa hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo nikaamua kuikaza kompyuta kwa amri: namba hii, chombo hiki, usibadilike tena. Kipi kati ya viwili? Ningeweza kutuma mtu akasome utambulisho kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta mpya. Mimi nikakisia.

Mzee alikuwa ndiyo kwanza anaanza, "Mimi, kwa ridhaa ya binti yangu..." nikabonyeza. Kimya. Kaganda mdomo wazi, na safari hii harudi, maana nilikuwa nimeifunga kompyuta kwenye ruta iliyokufa.

Nikajaribu kufuta amri yangu, mkono wa joho unabonyeza herufi nisizozitaka, kila kosa linatoka kwenye televisheni na ami yangu mmoja anahesabu kwa sauti, "Imekataa. Imekataa tena." Ilipokubali mwishowe, nikapiga ukelele kuelekea ngazini, "Huku tayari! Chomoeni hiyo nyeusi!" Wale kule juu hawakusikia ila sauti ya bwana harusi inasema tayari, na vigelegele hivyoo, na sinia la haluwa likaanza kushushwa.

"Haluwa ya nini?" sheikh akauliza. "Hapana aliyeozwa hapa."

Simu ya Nassor ikalia, mzee huyo, sauti imejaa chumba kizima: "Kijana kakimbia?"

Hapo niliogopa kwelikweli. Nampenda Salma, na baba yake alikuwa na kila haki ya kusema basi, mtu huyu simtaki. Nikamrudishia Nassor kompyuta yake, akaiunganisha na simu yake, na mzee akatokea, safi, haigandi hata kope. Akanitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Wewe ndiye fundi?"

"Naam, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kabla sijasema kitu, nna sharti. Ukija kwangu usiguse chombo changu chochote."

"Nimekubali!" nikasema kwa nguvu zangu zote, kwa ile sauti niliyokuwa nikiifanyia mazoezi wiki nzima, na kule juu vigelegele vikapasuka upya.

Sheikh akavua miwani taratibu. "Tulia, mwanangu. Hapo umekubali kutogusa vyombo. Mke bado."

Nikaozwa baadaye, alhamdulillahi, na haluwa tukaila. Nimeapa sikisii tena, na sharti la mzee nimelishika barabara. Tulipokwenda kumtembelea Maskati, mtandao wake ulikatika katikati ya taarifa ya habari, akanigeukia, na mimi nikaweka mikono chini ya mapaja, nikamwambia, "Baba, tumwite fundi."