Jino la Neli Juu ya Paa la Jiko

Pale Ikombe, kando ya ziwa, enzi za Wajerumani, Anyisile alijulikana kwa vyungu visivyovuja. Wanawake wa ng'ambo walimngojea ufukweni na vikapu vya mahindi, na asipokuja walirudi na mahindi yao.

Asubuhi hiyo alikuwa akipakia mtumbwi, yeye na bintiye Neli wa miaka tisa. Neli akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaanguka kifudifudi. Chungu alichokumbatia kilipona. Jino lake la mbele, la juu, lilitoka zima na mzizi wake.

Wifi yake Anyisile, Tusekile, ndiye aliyewahi kufika. Akaliokota jino, akalirusha juu ya paa la jiko, kama tufanyavyo mtoto anapong'oka jino.

"Nyamaza, mwanangu. Litaota jipya."

Anyisile alifika akihema. "Wifi, la utoto lilitoka mwaka juzi. Ulilirusha wewe mwenyewe, paa hili hili. Hili ndilo lililoota. La tatu umeliona kwa nani?"

Tusekile akashika tama. "Basi nimemharibu mtoto wa kaka yangu."

"Utalia baadaye. Shika hicho kichanja."

Anyisile akapanda kichanja cha vyungu, mama mzima, akapekua nyasi za paa unyasi mmoja mmoja huku akimwomba Mungu kimoyomoyo. Kichanja kikalia.

"Kikivunjika," alisema Tusekile kutoka chini, "vyungu vyako vya mwezi mzima vinaisha."

"Viishe. Vyungu nitafinyanga."

Akaliona limenasa karibu na ukingo, damu ikiwa bado mbichi. Alishuka amelishika kwenye kichwa chake cheupe, hakuugusa mzizi, akalisuuza kwa maziwa kidogo yaliyokuwa kwenye kibuyu.

"Wifi, unataka kufanya nini?"

"Mdomo wa chungu ukibanduka, huwa nafanya nini? Naurudisha upesi, udongo ungali mbichi."

Akamketisha Neli mapajani, akalisukuma jino mahali pake kwa kidole gumba, polepole, mpaka likalingana na jirani yake. Neli alimkamata mama mkono kwa kucha. Kisha akapewa kitambaa safi akiume kidogo.

Chungu kibichi hakianikwi juani wala hakiguswi, na Neli naye akawekwa hivyo: uji wa vuguvugu, kivulini, siku kumi na nne, asilitikise jino kwa ulimi. Tusekile alikatazwa kumchekesha. Hiyo ikawa adhabu yake, maana kunyamaza hakuwezi.

"Nisikohoe pia?" aliuliza siku ya tatu.

"Kohoa ukiwa kule ziwani."

Kila alfajiri Anyisile alipiga magoti, ila jino hakuligusa. Siku ya kumi na tano akamwita Neli mlangoni penye mwanga, akaligonga kwa ukucha kama agongavyo chungu kilichotoka motoni, akasikiliza. Akalisukuma huku na huku. Halikuondoka. Lilikuwa limeinama kidogo tu upande wa kushoto.

"Ndaga, Tata," alimshukuru Baba wa mbinguni, akakaa chini palepale kizingitini.

Tusekile akaleta hindi la kuchoma. Neli akalitazama hindi, akamtazama shangazi yake.

"Shangazi," alisema, "nikimaliza, gunzi nitalitupa mwenyewe."

Akauma kwa upande, taratibu.