Jina la Mumbua likikwanguliwa, gitaa hupanda bei

Saa tatu asubuhi mjini Mutomo, Kaunti ya Kitui, Mumbua Kitonga anachomoa ncha ya chuma kwenye jiko la makaa na kuikandamiza kwenye uso wa gitaa la umeme. Moshi unapanda. Herufi ya kwanza ya jina lake imeingia kwenye mbao.

Haandiki nyuma ya gitaa. Haandiki kichwani pia, kwenye ile nafasi ndogo ambako mafundi wengi huweka alama zao. Anaandika mbele, kando ya nyuzi, kwa herufi ambazo mtu aliyekaa kiti cha mwisho kanisani atazisoma bila miwani.

"Sasa wakwangue," anasema bila kuinua macho. "Wakikwangua hapa watatoboa."

Mumbua, 43, ana hasira, na hana haja ya kuificha. Kwa miaka saba ametengeneza magitaa ya umeme, zaidi ya themanini, na kuyauza kwa shilingi elfu kumi na nne kila moja. Gitaa la kutoka ng'ambo la kiwango hicho halipungui elfu themanini madukani Nairobi. Bendi na kwaya za Kitui na Makueni zinajua hivyo, ndiyo maana zinakuja kwake.

Wakishalipa, wanafika nyumbani, wanachukua msasa au kipande cha kioo na kuliondoa jina la Mumbua. Mahali pake wanabandika stika ya kampuni ya ng'ambo, inayouzwa shilingi mia moja.

"Yangu inarudi hapa kutengenezwa ikiwa na jina ya mtu mwingine," anasema. "Natengeneza mtoto, anarudi akiitwa wa jirani."

Ufundi huu hakuusomea. Baada ya kidato cha nne alifanya kazi miaka kumi na minne katika karakana ya mjomba wake Kibwezi, akifunga upya waya za mota za pampu za visima. Siku moja mpiga gitaa wa kwaya alimletea gitaa lililokuwa bubu. Mumbua akalifungua, akakuta koili ndogo chini ya nyuzi, ile inayonasa sauti na kuipeleka kwenye spika.

"Nikacheka. Nikasema, kumbe hii ni mota isiyozunguka!"

Leo anafunga koili zake kwa cherehani kuukuu ya mkono. Waya ni mwembamba kama unywele. Kila gurudumu linapozunguka, kikokotoo alichokiunganisha pembeni kinaongeza moja, na kikifika elfu nane anasimama. Sumaku anazitoa kwenye spika zilizokufa. Nyuzi na vishikio vya kuzikaza ananunua Nairobi, na hilo halifichi.

Mbao ni za mukau, mti wa huku huku kwenye ukame, ambao wengi wanaujua kwa milango na vitanda. Anazikausha miaka miwili chini ya mabati ya karakana yake, ambako saa nane mchana huwezi kuvumilia dakika kumi.

"Hizo gitaa za nje zimetoka kwa baridi," anaeleza. "Zikifika huku jua inazikausha, shingo inapinda, vyuma vinatokeza vinakukata vidole. Yangu ilichomwa na hii jua miaka mbili kabla iwe gitaa. Itapinda iende wapi tena?"

Mwandishi wa makala haya si mwanamuziki. Lakini aliketi kwenye kreti ya soda wakati Mumbua alipochomeka magitaa mawili kwa zamu, lake na jingine la ng'ambo lililoletwa kurekebishwa, akapiga wimbo ule ule. Mwandishi aligeuzwa kuutazama ukuta na kuulizwa lipi ni lipi. Alikosea mara tatu kati ya nne.

Kisa kilichomfanya ahamishe jina lake hadi mbele kilitokea Februari. Kiema, kiongozi wa bendi ya watu sita inayopiga kwenye harusi na baa za Mtito Andei, alifika na wenzake wawili. Alikuwa amebeba gitaa ndani ya sanduku gumu, kwa mikono miwili.

"Aliniambia, 'Fundi, hii shughulikia pole pole. Hii si kama zile zenu. Hii ni ya Japan.'"

Gitaa lilikuwa linakatakata sauti. Mumbua aliligeuza, na karibu na tundu la kebo akaona jicho la mti, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, lililojazwa nta ya nyuki. Alilijaza yeye mwenyewe mwaka 2021.

"Nikamwambia, hii nilitengeneza mimi. Wakacheka wote watatu. Kiema akasema, 'Mama, hii nilitoa elfu sitini.' Kama vile hiyo elfu sitini ndiyo cheti ya kuzaliwa!"

Mumbua akachukua bisibisi. Chini ya kifuniko, koili ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa leso ya rangi ya machungwa. Akashusha gitaa jingine ukutani, lenye jina lake, akalifungua pia. Ukanda ulikuwa wa leso ile ile.

Kumbe mpiga gitaa mmoja wa Kiboko alikuwa amelinunua kwake kwa elfu kumi na nne, akalikwangua, akabandika stika na kumuuzia Kiema. Faida yake ilikuwa elfu arobaini na sita kwa kazi ya jioni moja. Mumbua hulifanyia kazi gitaa moja siku kumi.

Mtu angedhani Kiema angemkasirikia yule aliyemuuzia.

"Alinikasirikia mimi!" Mumbua anagonga meza, na bisibisi zinaruka. "Ati nimemharibia gitaa. Nimeiharibu na nini? Sijagusa hata uzi!"

Tatizo lilikuwa waya mmoja uliolegea. Aliuchomelea kwa dakika kumi, akatoza mia mbili. Kiema akalipa akinung'unika, akawaapisha wenzake wanyamaze, kisha akaomba stika irudishwe vizuri kwa sababu ilikuwa imeanza kubanduka.

Kwa simu, Kiema hakukana lolote. "Gitaa ni kali, hiyo siwezi kukataa. Inakata mpaka mtu wa nje ya baa anaisikia," alisema. "Lakini wewe niambie, mwenye harusi akiniuliza tuko na vyombo gani, nimwambie za Mutomo? Atanipunguzia hapo hapo. Na nilitoa elfu sitini, bwana. Nikianza kusema ilikuwa ya kumi na nne, vijana wa bendi watanicheka mpaka nikufe."

Na bado anapanda jukwaani akisema ni ya Japani.

Tuseme ukweli bila kuumumunya. Sauti ni ile ile, mbao ni zile zile, na aliyeumia vidole ni yule yule. Kilichoongezwa ni stika ya shilingi mia, nasi tukatoa elfu arobaini na sita juu yake kwa furaha. Kisha tunakaa vikaoni kuwahimiza watu wetu wajiajiri. Ni aibu, na si ya Kiema peke yake.

Wiki hii hasira ya Mumbua imekuja na gharama. Mzee Mulei, mkulima wa nje kidogo ya mji, anauza miti miwili ya mukau iliyokomaa, elfu kumi na nane kila mmoja. Fundi wa vitanda naye anaitaka, na ameahidi kuleta pesa Ijumaa. Mbao zilizobaki kwa Mumbua zinatosha magitaa matatu, mbali na hili lililo mezani.

Kwa kuwa mbao lazima zikauke miaka miwili, asipoipata miti hiyo hatakuwa na cha kuchonga kwa muda mrefu. "Nikikosa, narudi Kibwezi kufunga mota," anasema. "Mukau mkubwa siku hizi si kitu unaokota."

Saa tano, gari aina ya pikapu linasimama nje. Anashuka Ngure, mwenye baa na nyumba ya wageni Mtito Andei, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Murang'a. Mmoja wa wale wawili walioapishwa na Kiema amemnong'onezea ukweli.

"Mama, habari ya kazi? Nataka tatu kama ile ya Kiema," anasema. "Pesa niko nayo."

Mumbua anamkaribisha, anamfutia kiti. Ngure analijaribu gitaa lililo mezani, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha anapitisha kidole kwenye maandishi.

"Na hii?"

"Ni jina yangu, bosi."

"Najua ni yako. Lakini mbele hivi? Nifanyie tatu safi, bila kuandika kitu. Nakuongezea elfu mbili kwa kila moja."

Hiyo ni elfu arobaini na nane. Ni miti yote miwili, na chenji ya kuipasua mbao.

"Kwani jina inakusumbua nini?"

"Mimi sina shida. Ni wateja. Dereva wa lori akiona imeandikwa hivyo, atasema Ngure ameleta bendi ya bei rahisi."

"Wateja wako wanakuja kucheza ama kusoma?"

Ngure anacheka kweli kweli. Si mtu mbaya. "Basi andika nyuma, tuelewane."

"Nyuma na kichwani niliandika miaka saba, bosi."

Mumbua anatazama juu, kwenye mbao zake chache chini ya mabati. Ngure ameshaanza kuzihesabu noti.

"Hapana," anasema. "Pamoja na jina naanza kazi hata leo, kwa kumi na nne ile ile. Bila jina, hapana."

Ngure anazirudisha noti mfukoni, anamwachia nambari ya simu, anaaga kwa heshima. Kabla vumbi la gari halijatulia, Wacuka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mlango wa pili, ameshafika.

"Mumbua, umekataa pesa mkononi?"

"Nimekataa."

"Aki wewe! Si ungechukua miti kwanza, jina ifuate baadaye?"

Mumbua anampigia simu mzee Mulei, anamwamkia, anamuuliza hali ya mbuzi, kisha anamwambia asimngoje. Miti awape watu wa vitanda. Anakata simu, anaketi.

"Usiandike ati mimi ni shujaa," anamwambia mwandishi. "Andika nimeumia. Andika hiyo miti niliitaka, na watu wataenda kuilalia."

Anafuta macho kwa upindo wa leso, anainuka. Yatakuwa magitaa manne, anasema, na yote yataandikwa mbele. Siku ya soko ataomba umeme kwa Wacuka, atoe spika nje ya duka na kupiga mwenyewe, mchana kweupe, watu wakiuza mbuzi na nyanya. Anajua nyimbo tatu tu. Wacuka anasema umeme atampa, ila kuimba asiimbe.

"Kuimba sijui," Mumbua anakubali. "Lakini wataona mkono ni wangu, jina ni yangu, na sauti inatoka hapo hapo. Mwenye anataka kusema ni ya Japan, akuje aseme nikiwa nimeishika."