Chatu, Vifaranga na Taa Nyekundu

Bosi wa mume wangu, mgeni mmoja aliyekuwa na ofisi kule Nakasero, alipomaliza mkataba akagawa vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Mpishi alipata friji. Askari wa getini alipata makochi, tena ya ngozi. Mume wangu, aliyemwendesha miaka yote hiyo, alirudi nyumbani Nateete na nyoka.

"Ni chatu mdogo tu," aliniambia, amekumbatia sanduku la kioo kama mtu aliyebeba keki ya harusi. "Hana sumu. Hata kuuma haumi."

"Na friji?"

"Friji kapewa mpishi."

Haki ya Mungu, sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia yule mpishi. Nilipiga kelele wiki nzima. Lakini mume wangu ana moyo laini, na mtu wa namna hiyo humshindi kwa kelele. Unapiga kelele, yeye anakuitikia "ndiyo mama", na nyoka bado yupo.

Kumbe nyoka mwenyewe ana masharti. Nyoka hana joto lake, mume wangu alinieleza, huishi kwa joto la kuazima. Mchana wa Kampala haumpi shida, ila usiku, na hasa mvua ikinyesha, akipoa na chakula kiko tumboni, hakisagiki. Kinaoza humo humo, naye anakufa. Basi mume wangu akafunga balbu nyekundu ndani ya sanduku, juu kwenye wavu, akaning'iniza kipimajoto, akafunika kila kitu kwa leso yangu nzuri ya kujifunga bila hata kuniuliza. Halafu akapata kazi ya kuendesha lori la Juba. Akaenda zake, nami nikabaki yaya wa chatu. Kanisani niliapa raha na shida, afya na maradhi. Nyoka sikusikia akitajwa.

Shida yangu kubwa haikuwa nyoka, ilikuwa Hajati. Hajati ndiye mwenye nyumba. Alikuwa akilea vifaranga uani na kuwauza sokoni wakishakua, na siku aliyotupa ufunguo alitupa sharti moja tu: "Paka hapana, mbwa hapana. Chochote kinachokula kifaranga hakiingii kwangu."

Angejua, tungehama. Nami sikutaka kabisa kuhama. Si kwa ajili ya nyumba, maana ile nyumba ilivuja. Ilikuwa ni kwa ajili yake yeye. Mimi ni mtu wa Voi, nilimfuata mume. Mwaka wa kwanza Kampala niliishi kama bubu. Kiganda sikijui, na nikifungua mdomo kwa Kiswahili sokoni watu wananitazama vibaya, kwa sababu wengi pale walikizoea kwa askari mwenye bunduki. Kisha nikampata mama huyu, ambaye mababu zake walitoka pwani na biashara yao wakalowea Kisenyi, anakuja kwangu alasiri na birika la chai: "Mwanangu, hujambo? Njoo tuzungumze." Tulizungumza mpaka adhana ya magharibi. Alinicheka nikiuita umeme "stima", nami nikamcheka akisema "kale", yaani "haya" ya Kiganda, kila baada ya neno. Nilimpenda yule mama, nasema wazi. Wa kwetu wote walikuwa mbali, na mama wa kunipigia soga nilikuwa naye huyo mmoja.

Sasa, Kampala siku hizi taa nyekundu ikiwaka dirishani usiku kucha ina maana moja tu: humo ndani wanalelewa vifaranga. Mwalimu analea, mchungaji analea, mtu wa benki analea. Hajati aliiona yangu kupitia pazia, akaamua kwamba nimeingia kwenye biashara na naona haya kumwambia. Wala hakukasirika. Alifurahi! Asubuhi moja nikakuta mlangoni kifuko cha unga. Mimi nikajua ni wa uji. Nikaupika. Ulinuka dagaa, lakini kwa kumheshimu nikanywa kikombe kizima. Aliponiuliza kama unga ulifaa, nikamwambia umefaa sana, Hajati, Mungu akuongeze. Akaniongeza yeye. Nikanywa tena.

Jioni ya mkasa wenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Nilichelewa kurudi kutoka Kisenyi, ninakouza vitenge kwenye duka la jumla, nikakuta mlango wangu uko wazi. Ndani, juu ya kigoda changu, ameketi Hajati, na miguuni pake boksi la vifaranga wakilia chwi-chwi-chwi, ameliegemeza kwenye sanduku la kioo. Kati yao na chatu palikuwa na leso tu na kioo.

"Nisamehe nimetumia ufunguo wangu," akasema. "Banda limeingia maji, bambi, maskini mimi. Nikaona kwako kuna joto, nikasema tugawane."

Kupitia upenyo wa leso nilimwona yule bwana ameinua kichwa, ulimi nje, ametulia kama mteja anayengoja kuhudumiwa.

Hapo ndipo stima ikapotea. Nateete nzima giza. Hajati akawasha tochi ya simu, akainuka, wala hakuwa na wasiwasi, maana kazi hii anaijua. "Kale, toa wako tuwachanganye na wangu. Watapashana joto wao kwa wao." Akanyoosha mkono kwenye leso.

"Usiguse!" nikapiga ukelele. "Wana kideri!"

Sijui neno lile lilitoka wapi. Ukitaka kumuua mfuga kuku kwa neno moja, mwambie kideri. Ugonjwa ule ukiingia uani haumwachi hata jogoo.

"Kideri?" Akanigeuzia tochi usoni. "Umeniacha nikae humu na watoto wangu, na unajua una kideri?"

Akapiga magoti, akaanza kuwatoa mmoja mmoja, anawamulika macho, anawashika shingo. Machozi yakaanza kumtoka. Nilistahimili kidogo tu, nikashindwa.

"Hajati, hakuna kideri. Hata vifaranga sina. Ni nyoka."

Akanitazama. "Nyoka."

"Chatu. Mdogo."

"Ana kideri?"

"Hana."

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi, akaanza kuwarudisha vifaranga kwenye boksi kwa utaratibu. Alikuwa na wa tatu au wa nne mkononi ndipo neno lilipomfikia. Jamani! Mama yule goti lake moja ni bovu, huwa anapanda ngazi akimwomba Mungu. Jioni ile aliruka kizingiti na boksi kifuani, na wa mkononi akawa naye vile vile.

Nikabaki gizani. Chatu alikuwa amekula panya juzi yake, na kipimajoto, nilipokimulika kwa simu, kilikuwa kinashuka mbele ya macho yangu. Nikamimina maji ya chupa ya chai kwenye vichupa vya soda, nikavipanga ndani ya sanduku huku nimefumba macho. Havikutosha. Nikachukua blanketi, nikalizungushia sanduku, halafu nikalikumbatia. Mimi! Nilimkumbatia nyoka nikilia, si kwa ajili yake, bali kwa kuwa alasiri ya kesho hakuna atakayekuja na birika.

Mlango ukagongwa kwa kitu kigumu. Nikafungua. Hajati alikuwa amesimama mbali, mvua inamnyeshea, ameshika ufagio wa mti mrefu. Kwenye ngazi palikuwa na chungu chenye makaa yaliyofunikwa jivu, kama vile anavyowawekea vifaranga. Akakisukuma kwangu kwa mpini wa ufagio.

"Fungua dirisha, hayo makaa yanaua," akasema, anaangalia pembeni. "Na usikibandike kwenye kioo, kitapasuka."

"Na vifaranga?"

"Wana chao. Sitaki kitu kife baridi kwenye nyumba yangu, hata hicho."

Nikakiingiza chungu, nikafungua dirisha. Niliporudi mlangoni alikuwa bado yupo. Nikaona nimalize mwenyewe kabla hajanimaliza yeye. "Hajati, nitaanza kutafuta nyumba kesho."

Akagonga ufagio chini. "Nyumba ya nini? Nani kamwambia nani ahame? Mumeo akirudi atajenga kibanda cha hicho kitu kule nyuma, atie kufuli, ufunguo nikae nao mimi. Lakini wewe! Wewe unahama uende wapi? Nibaki nikiongea na kuku?"