Chupa ya Kibet Yangojewa Mbale

Barua ndiyo iliyonitoa Eldoret. Ilitoka kwa Mama Nambozo, mwenye ukumbi wa dansi kule Mbale, Uganda: "Santuri yako tumeicheza mpaka imechakaa. Sasa njoo tukuone kwa macho." Nilivimba kichwa siku tatu. Wakinipenda Mbale, Kampala nao wangeniita. Nikiharibu, basi ni kurudi kuimbia harusi za majirani.

Kwenye santuri ile tulikuwa wawili: mimi na gitaa, na binamu yangu Kibet akigonga chupa ya soda kwa msumari. Kibet, jamani! Kila mwisho wa ubeti alichelewa. Alikuwa anasikiliza wimbo, anasahau kwamba yeye ndiye mpigaji. Eldoret walitucheka. Kwa hiyo tulipopata shamba Ainabkoi pamoja na wenzetu wa kikundi cha kununua ardhi, nilimwambia, "Wewe baki na plau. Kwa muziki uko nyuma sana."

Ijumaa asubuhi nilipanda gari la moshi peke yangu, tai shingoni, gitaa ndani ya blanketi. Tororo nikabadilisha gari. Kufika Mbale, Mama Nambozo alichungulia nyuma yangu.

"Na mwenzako?"

"Ana shughuli za shamba, Mama."

"Haya," akasema, lakini hakutabasamu.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nikaanza, wakacheza vizuri ajabu. Mwisho wa ubeti wa kwanza, wote wakainua mguu wa kulia, wakangoja. Wakangoja. Ebo! Ukumbi mzima uko kwa mguu mmoja, watu wanashikana mabega wasianguke, na mimi huyo, nimeshaingia ubeti wa pili.

"Chupa!" mtu akapiga kelele. "Banange, chupa iko wapi? Tushushe mguu lini?"

Wakaniletea mpiga ngoma wa hapo hapo, wakampa chupa na msumari. Alipiga sawasawa kabisa: mguu haujainuka, chupa imeshalia. Wakakanyagana. Mama Nambozo akanivuta pembeni. "Jumamosi ijayo mlete mwenye chupa, ama hata wewe usije."

Jumatatu, Ainabkoi, nilimkuta Kibet nyuma ya ng'ombe, matope hadi magotini. Chupa yenyewe ilikuwa jikoni, imetiwa utambi, imekuwa taa.

"Si ulisema niko nyuma?"

"Nilikosea."

"Sema tena, ng'ombe hawajasikia."

Nikasema kwa sauti, na majirani wawili wakasimama kusikiliza. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Na plau?"

"Tukirudi nitalima mimi."

Njia nzima chupa ilinuka mafuta ya taa, na Kibet aliuliza swali moja tu: "Nipige mapema kidogo?"

"Thubutu!"

Jumamosi, ukumbi ukainua mguu. Kibet ameshika msumari juu, kichwa kando, anasikiliza, amesahau kabisa. Miaka yote nilikuwa nakimbilia ubeti unaofuata huku nikimlaani moyoni. Sikuwahi hata siku moja kusimama nisikie alichokuwa anakisikia yeye. Siku hiyo niliziacha nyuzi zilie zenyewe. Nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu, namngoja Kibet kama watu wengine.