Mtu Aliyesimama Kwenye Kiganja Changu

Ukiuliza Yeoville, mtaani kwetu hapa Joburg, utaambiwa nilibanwa mkono na mlango wa teksi. Hayo ni maneno anayoyasambaza Chantal, na Dieudonné anamwitikia. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo. Niliyoyaona niliyaona mchana, jua likiwaka, na majina ya watu sifichi.

Chantal ni mwenye saluni niliyosukia nywele miaka mingi. Dieudonné ni mpiga picha wa Joubert Park. Labda unaujua mchezo wake: anakusimamisha bustanini, anakuambia nyoosha mkono, na kwenye picha unaonekana umebeba ule mnara mrefu wa Hillbrow kiganjani kama chupa ya soda. Watu wanaupenda sana. Wanatuma picha nyumbani, Uvira, Bujumbura, waonekane wamefika.

Mwaka jana baada ya Pasaka, majani yakianza kudondoka na Joburg ikianza kuuma kwa baridi, Chantal alitualika sisi wawili twende naye baharini, kule chini ng'ambo ya Durban. Tukapumzike, alisema. Mimi bahari nilikuwa sijaiona. Kwetu ni ziwa.

Kupumzika gani? Upepo ulikuwa unakupiga mchanga mpaka kwenye meno. Vibanda vimefungwa, hoteli nusu tupu. Lakini Dieudonné alitaka picha, kwa hiyo tukatembea ufukweni, tukapita miamba, tukaenda mbele mpaka hatukuona tena mtu. Isipokuwa mmoja. Alikuwa mbali kabisa, kwenye ncha ya mwamba, amesimama na koti la mvua la njano.

“Mama Neema,” Dieudonné akaniambia, “nyoosha mkono nikubebeshe yule.”

“Umemwomba ruhusa?”

“Mtu yuko kule, nitamwomba kwa filimbi?”

Chantal akacheka. Nikanyoosha. Juu kidogo, kushoto, hapo hapo. Sasa niamini hili: nilisikia uzito. Si mwingi. Kama kifaranga amepanda mkononi, na vile vikucha vyake. Nikasema, jamani, hapa kuna kitu. Chantal akasogea. “Ni chawa huyo,” akasema. “Msusi mzima unabeba chawa na humuui?” Akaweka dole gumba lake juu ya kiganja changu, akabana, kama tunavyobana chawa kwa ukucha. Dieudonné akapiga picha.

Kilivunjika. Mungu ananiona, nilisikia mifupa ikivunjika chini ya lile dole, kama mtu anatafuna dagaa wakavu. Nikatazama mwambani. Koti la njano lilikuwa limelala chini.

Nikasema twendeni tukamwone. “Ameteleza,” Chantal akasema. “Turudi, upepo unaniharibia nywele.” Wakageuka. Na hapo ndipo yule mtu alipoinuka akaanza kuja.

Mtu akija si anakuwa mkubwa kidogo kidogo? Huyu hakukua. Alitembea, akatembea, mdogo vilevile kama punje ya mahindi. Kisha upepo ukatumwagia mchanga machoni, na tulipofumbua alikuwa mbele yetu, mrefu kuliko mlango. Kiuno kimepinda upande kama waya. Koti limepasuka kifuani, nyama imebonyea, na kwenye nyama kuna mistari inayozunguka. Unajua mistari gani? Ile wanayotuchukua vidoleni kule ofisi ya wakimbizi. Alama ya dole gumba, kubwa kama sinia.

Hakupaza sauti. Aliuliza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, “Nani amenibana?”

Nikangoja Chantal aseme. Huyu ni mtu niliyemlelea mtoto mgongoni huku nasuka wateja wake. “Papa, ni huyu,” akasema, akaninyooshea kidole. “Mkono ni wake.” Nikamgeukia Dieudonné, maana ushahidi wote ulikuwa ndani ya kamera yake. “Mimi napiga picha tu, papa,” akasema.

Wakakimbia. Wote wawili.

Usidhani nilisimama kama mbuzi. Niliokota jiwe nikampiga usoni, nikarudia, jino likatoka, na palipotoka jino hapakuja damu, yalikuja maji. Nikamng'ata mkono. Chumvi tupu. Akanikamata nywele, akanilaza kwenye mwamba, akakifungua kiganja changu cha kulia kidole kimoja kimoja. Halafu akaweka dole lake katikati na kubana. Hakuwa na haraka. Nilipiga kelele, upepo ukazimeza. Mfupa ukiisha anatafuta mwingine. Alipomaliza aliniinamia sikioni.

“Sasa na wewe utaweza,” akasema.

Mama mmoja aliyekuja kuchota maji ya bahari kwenye chupa, ya dawa, ndiye aliyenikuta. Daktari aliniuliza ni mashine gani. Vidole viwili walivikata. Vilivyobaki havishiki hata uzi wa kusukia. Kiganja ni laini kama sahani, hakina mstari hata mmoja, na mashine ya ofisini inakikataa, inasema hapa hakuna mtu. Chantal ameweka msichana mwingine kwenye kiti changu. Dieudonné ameibandika ile picha bustanini kuvutia wateja: mimi nimenyoosha mkono, dole la Chantal juu yake. Mtu wa njano hayumo tena. Watu wanaitazama wanasema, nami nipige hivyo.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuonya. Mtu akiwa mbali, mwache awe mbali. Usimweke mkononi ukacheka. Hujui kama udogo wake ni wa macho yako tu.

Na nyinyi wawili mnisikie. Nakaa ghorofa ya nne, dirisha langu linatazama saluni. Juzi njiwa alitua kwenye paa la ng'ambo. Nikanyoosha mkono wa kushoto, huu mzima, nikambana hewani kwa dole, kujaribu tu. Akaanguka barabarani. Nikashuka kumtazama. Mgongoni, chini ya manyoya, alikuwa na mistari ya dole langu.

Chantal hutoka kila asubuhi kuanika mataulo. Kutoka dirishani kwangu ni mdogo kama punje. Mkono nauweka mfukoni. Mpaka leo bado nauweka.