Hedifoni Chini ya Mtandio

Watu wakiniona na hedifoni huniuliza kama ni nzuri, na mimi huwajibu kwamba ni nzuri. Nimekaa nayo miezi mitano sasa. Haina waya, inafunika sikio zima, chaji yake inadumu, na bei yake haikunikosesha usingizi. Imenipotezea pia jirani niliyempenda, lakini hilo halikuandikwa kwenye boksi, kwa hiyo siwezi kumlaumu mama aliyeniuzia. Nitaanza na uzuri wake, nisije nikaonekana mtu wa kinyongo.

Kazi yangu ni kusikiliza watu. Kuna ofisi Nairobi inayotuma watafiti huku kwetu kuwauliza wafugaji habari za maji na malisho, kisha hunitumia sauti walizorekodi, nami naziandika kwa Kiswahili nikiwa hapa nyumbani, mtaa wa Wabera, Isiolo. Asili yetu ni Wasomali. Babu alikuja na jeshi la mkoloni akaona mahali panafaa, akabaki. Lakini Kiborana nakijua kama watoto wote waliokulia mtaa huu, na nyingi kati ya sauti hizo hutoka Sericho, mbali huko nyikani, kwa wazee wanaoongea polepole huku ngamia wakilalama nyuma yao.

Ofisi ina masharti, na sharti la kwanza ni kwamba salamu zisiandikwe. Mborana hakuelezi jambo lake kabla hajakuuliza kama umelala salama, kama watu wako ni salama, kama ng'ombe na mbuzi na mvua na njia uliyopita ni salama. Nawe hujibu nagaa, yaani amani, kwa kila swali, hata kama jana ulizika. Salamu zikiisha ndipo msiba hutajwa. Basi ofisi ikaamua hayo yote ni kupoteza muda. Niliambiwa niandike neno moja tu, salamu, kisha niruke mpaka mahali habari inapoanzia. Nikawa hodari wa kuruka. Nilikuwa najua kwa mpandisho wa sauti tu kwamba mzee amefika kwenye mbuzi, na kwamba zimebaki sekunde kama arobaini.

Shida ilikuwa kelele. Ploti yetu ina vyumba sita, na ukutani mwetu ameegemea fundi wa kuchomelea mageti, ambaye kwa bidii yake nadhani Isiolo nzima itakuja kufungwa kwa geti moja. Upande wa pili kuna kinu cha posho. Vile visikizio vyangu vya waya, vya kuchomeka sikioni, havikufua dafu. Ndipo nikaenda mjini, nikamwona huyo mama amezipanga hedifoni juu ya meza kama vichwa vya mbuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi alikuwa akizitembeza mno. Aliniapia kwamba nikivaa sitasikia hata lori likipita. Nilivaa pale pale, lori likapita, nikalisikia, nikanunua. Mtu akishataka kitu ndivyo alivyo.

Sasa tathmini. Kuivaa juu ya mtandio haiwezekani, inateleza kila ukiinama. Kuivaa chini ya mtandio kunawezekana, ila kichwa kinapanuka, na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na huonekana nyumbani Ijumaa hadi Jumapili, aliniuliza kama nimeanza kufuga pembe. Sponji zake ni laini kwa saa mbili za kwanza. Saa ya tatu, kwa jua letu, jasho linakutiririka shingoni na unaanza kujutia dhambi zako. Sauti ni safi. Masafa yake ni ya ajabu: niliweza kuiacha kompyuta mezani, nikaenda mpaka bomba la maji karibu na geti, nikajaza mitungi miwili huku namsikiliza mzee wa Sericho akieleza kwamba kisima chao kimekauka na maji yako mwendo wa siku nzima. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilifunga bomba nikarudi kuendelea.

Kasoro ni mbili. Ya kwanza ni taa. Pembeni ina kitaa cha buluu kinachopepesa muda wote inapofanya kazi, na hakizimiki; hata nilipokibandika plasta mwanga wake ulipenya. Ya pili ni maikrofoni, na hapo ndipo inabidi nimtaje jirani.

Katika chumba kilichoangaliana na changu alikuwa akikaa bibi mmoja wa Kiborana, mjane. Nilimwita Akko, kama wanavyomwita nyanya. Alikuja mjini miaka ya ukame mkubwa, ng'ombe walipokwisha, akabaki peke yake wanawe walipotawanyika. Mimi na yeye tulikuwa na desturi moja ya asubuhi. Nikishafungua mlango na kukaa na kompyuta yangu kibarazani, yeye huvuka ua kwa kandambili zake za plastiki, husimama mbele yangu, na kunisalimu salamu zote, bila kuruka hata mbuzi ambao sote wawili hatuna. Kisha hukaa, nami humpa chai ya maziwa, naye hunieleza alichoota. Mume wangu akiwa safarini, na yuko safarini daima, Akko ndiye aliyekuwa mtu wangu. Niliugua malaria mwaka juzi, yeye ndiye aliyenilisha kwa kijiko.

Hedifoni ilipokuja niligundua jambo ambalo nililiona ni baraka. Salamu za Akko nilizijua kwa kuangalia midomo. Hakukuwa na haja ya kuvua kitu. Yeye anauliza, mimi natikisa kichwa na kusema nagaa, nagaa, alhamdulillahi, huku sikioni mzee mwingine wa Sericho ananieleza habari za malambo ya maji ya mvua. Nilimwekea chai yake pembeni na vidole vyangu vikaendelea kuandika. Kwa muda alikaa kama kawaida. Baadaye akawa anakunywa akiwa amesimama. Nilifurahi, kusema kweli, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na nilikuwa namaliza mapema.

Siku moja ofisi ikaniomba, badala ya kuandika tu, niwe narekodi pia muhtasari kwa sauti yangu. Ikabidi nijaribu maikrofoni. Asubuhi nilibonyeza kitufe cha kurekodi kwenye kompyuta, nikahesabu moja mpaka kumi, nikaona mshale unacheza, nikaridhika. Nilichosahau ni kubonyeza tena ili isimame. Nikafungua mahojiano nikaendelea na kazi. Mtu aliyewahi kuwa na hedifoni ya bei hii anajua: maikrofoni ikiwa wazi, sauti ya masikioni inaharibika, inakuwa kama mtu anaongea akiwa ndani ya mtungi. Mimi sikujua. Nilidhani ni mzee ndiye aliyerekodiwa vibaya, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Akko akaja, akasalimu, nikajibu, akaondoka bila kunywa chai. Niliiona ile chai imepoa, nikadhani amefunga.

Siku nne baadaye nilitoka nje nikakuta pikapu imeegeshwa getini na mwanawe mkubwa anapakia kitanda. Nikauliza kuna nini. Kijana, kwa adabu zote, akaniambia wanampeleka mama Sericho akakae na wajukuu. Nilimgeukia Akko na kumwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia.

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika kweli. Niliona bibi anasahau na ananisingizia mbele ya mwanawe. Nikamwambia hakuniambia kitu, yeye akatazama chini, na mwanawe akasema labda mama alisahau. Sikukanusha. Tuliagana kwa mikono tu. Nilimpa kilo mbili za sukari na majani ya chai, kwa uso wa mtu anayetoa zaka, na pikapu ikaondoka. Nilirudi ndani na donge moyoni, nikajiambia kumbe miaka tisa ya chai si kitu. Na Sericho yenyewe nilikuwa nimeiandika mwezi mzima. Nilijua umbali wa kisima chake kuliko diwani wao.

Wiki iliyofuata kompyuta ilianza kulalamika kwamba imejaa. Nikatafuta cha kufuta, nikakuta faili la sauti refu ajabu, lenye tarehe ya ile asubuhi ya majaribio. Nilitaka kulifuta. Kisha nikafikiri heri nilisikilize kidogo nione maikrofoni inafaa kwa muhtasari au haifai. Nikavaa hedifoni.

Mwanzo niko mimi nikihesabu. Baadaye ni fundi na mageti yake, jogoo, kinu cha posho, watoto wakienda madrasa, sufuria ya mtu ikianguka. Haichagui, inaokota kila kitu. Nilikuwa tayari nimeandika hivyo kwenye daftari, kwamba maikrofoni ni mbovu kwani inachukua kelele zisizohitajika. Ndipo nikasikia kandambili.

Akasalimu. Nagaan bulte, yaani umelala salama, nikajibu. Watu, nikajibu. Ng'ombe, mbuzi, mvua, nikajibu, na kwa mara ya kwanza nikajisikia ninavyojibu, kama mtu anayepiga muhuri. Salamu zikaisha. Nikasikia fundi akigonga chuma. Kisha akasema, kwa ile sauti ya chini anayotumia kuelezea ndoto:

"Kijana yangu anataka nirudi Sericho. Mimi sijui. Huko maji hakuna, na hapa niko na wewe. Wewe unasema nini? Niende ama nikae?"

Na sauti yangu, kubwa, ya mtu mwenye hedifoni, ikajibu:

"Nagaa, Akko. Alhamdulillahi."

Akangoja. Najua alingoja kwa sababu fundi aligonga mara nyingi. Kisha kandambili zikaondoka.

Nilikaa na aibu ambayo sikuwa nimewahi kuionja. Bibi aliyenilisha kwa kijiko aliniomba neno moja, nikamwambia aende kwa amani na Mungu ashukuriwe. Halafu nikamnunia kwa kwenda. Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu, na mimi langu nililinunulia kifuniko.

Nambari ya mwanawe niliipata kwa mwenye ploti. Nikarekodi ujumbe wa sauti, nikaanza na salamu zote, mbuzi hadi mvua, kisha nikamweleza Akko ukweli: kwamba sikusikia, kwamba nilikuwa nimefunika masikio, kwamba ningesikia ningesema kaa, na kwamba chumba chake bado hakijapata mpangaji, arudi. Nikatuma. Huko mtandao hupatikana kijana akipanda kilimani. Alama ya kupokelewa ilikaa siku tatu bila kuonekana. Nilikuwa naiangalia hata katikati ya kazi, nikaandika kisima mahali pa kilima, ofisi ikanirudishia.

Siku ya tano jibu likaja, la dakika kumi na moja. Niliketi kibarazani, nikavaa hedifoni, kwa sababu fundi hana likizo. Alianza na salamu. Sikuruka. Nilimjibu kila moja kwa sauti, peke yangu, mpaka mpangaji mpya wa chumba cha mwisho akachungulia dirishani. Alisema amefika salama. Alisema wajukuu ni wengi na wana kelele. Alisema maji ni mbali, ila mjukuu mkubwa ana punda. Alinishukuru kwa sukari. Kisha upepo ukavuma kwenye simu, akasema:

"Usilie, mwanangu. Mimi nilijua husikii. Ile taa ya buluu naiona chini ya kitambaa yako kila siku. Ile asubuhi nilisema kwa roho yangu, leo akitoa hio kitu kwa masikio, nitakaa. Sasa nimefika. Kurudi ni mbali."

Baada ya hapo akaniaga, na kuaga kwao nako ni kurefu.

Kwa hiyo mkiniuliza, hedifoni ni nzuri, nunueni. Ila pale nilipoitaja taa kuwa kasoro, naomba nirekebishe. Ilifanya kazi yake sawasawa. Kibarazani kwangu, mimi na Akko tukisalimiana kila asubuhi, hiyo taa ndiyo peke yake iliyokuwa ikimwambia ukweli.